Kichwa Kimegoma: Kusaka Ubovu wa Treni ya Bustani Iliyohamishiwa Betri na Rimoti

Kichwa cha treni ndogo ya bustani kinakata kona chini ya mizabibu, kinafika usawa wa karo la kufulia, kinakufa. Unabonyeza rimoti, kimya. Unakitikisa kidogo, kinaamka, kinakwenda mita mbili, kinakufa tena. Kila aliyekaa barazani ana jibu lake: rimoti feki, Wi-Fi ya jirani, minara ya simu. Nimeshafungua vichwa vya namna hiyo vingi hapa Dodoma, vyangu na vya watu, na redio imekutwa na hatia mara chache sana. Inasingiziwa tu kwa sababu ndiyo ngeni. Mara nyingi ubovu uko kwenye umeme wenyewe: betri inayozimia ikibebeshwa mzigo, kiungo kilichosokotwa na kufungwa tepu, au kibamba cha shaba kilichosahaulika chini ya mota. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye betri kwenda mbele, na redio itasubiri zamu yake.

Nazungumzia treni ndogo za reli ya upana wa milimita 45, zile ambazo kampuni ya LGB ya Ujerumani ilianza kuziuza mwaka 1968. Kipimo chake ni 1 kwa 22.5, yaani treni halisi imepunguzwa mara 22.5. Gawanya reli ya upana wa mita moja kwa 22.5 utapata milimita 44 na ushei. Reli yetu ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ni hiyohiyo ya mita moja, kwa hiyo ukichonga kichwa cha Kigoma ukakiweka humo hujadanganya kipimo.

Zikitoka kiwandani, nyingi hulishwa umeme kupitia reli mbili, na magurudumu ndiyo yanayouchukua. Kwetu hapo ndipo shida inapoanzia. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, upepo unabeba vumbi jekundu na kulilaza juu ya reli. Gurudumu likipita linalikandamiza kuwa utando, na moto haufiki kwenye mota. Unasugua reli asubuhi, alasiri unaanza upya. Ndiyo maana tunaweka betri ndani. Treni ya SGR iliyofika Dodoma na abiria mwaka 2024 inavuta volti 25,000 kutoka waya wa juu. Sisi tumepita njia ya kinyume, kila kichwa na chakula chake tumboni. Umeme ukikatika mtaa mzima, treni inaendelea kuzunguka, na siku hizo ndizo watoto wa majirani wanapojaa getini.

Vifaa

Mita ya fundi yenye kupima volti, ampia na ile alama ya mlio, inayolia ncha mbili zikigusa vitu vilivyounganika. Pasi ya kulehemu. Na kitu ambacho wengi hawana ila kinauzwa kila duka la spea za bodaboda: balbu ya breki ya pikipiki, ya volti 12 na wati 21, iliyolehemiwa waya mbili. Hiyo ndiyo hakimu wangu. Utaona.

Njia ya umeme ikae kichwani kabla ya kugusa kitu: betri, fyuzi, swichi, kidhibiti mwendo, mota. Risiva ya redio inapata volti 5 zake kutoka kwa kidhibiti mwendo au kutoka kwenye kipunguza volti cha pembeni. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza nusu ya maajabu yote utakayoyaona.

Kimekufa kabisa, hata taa haiwaki

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, ingawa inatisha kuliko zote. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, kisha tembea na ncha nyekundu: chanya ya betri, baada ya fyuzi, baada ya swichi, mlangoni mwa kidhibiti mwendo. Volti zinapopotea, ubovu uko kati ya hapo na pale ulipotoka.

Kama zimepotea pale pale betrini na pakiti (seli zilizounganishwa pamoja) ni mpya, usiitupe. Vibao vya ulinzi vya betri za lithiamu vingi, ukishavilehemu, hubaki vimelala mpaka vionjeshwe chaja. Chomeka chaja kwa sekunde chache, pima tena. Niliwahi kulehemu upya pakiti nzima usiku kucha kabla sijajua jambo hili, na asubuhi chaja ikaiamsha kwa kuguswa tu.

Kama umetumia swichi ya njia mbili, upande mmoja kuendesha na mwingine kuchaji, hakikisha haiko upande wa kuchaji. Ndiyo, hata mimi.

Taa za kidhibiti mwendo zinawaka ila mota haitikisiki? Vingi havikubali kufanya kazi mpaka vikute usukani wa mwendo uko sifuri wakati wa kuwasha. Washa rimoti kwanza, rudisha usukani sifuri, ndipo uwashe kichwa. Kikikataa bado, oanisha rimoti na risiva upya.

Kinakwenda, kinasimama, kinaamka chenyewe

Huyu ndiye mgonjwa wa karo la kufulia. Hapa usikurupuke.

Kinachotokea ni hiki. Mota ikianza kuvuta mabehewa au kupanda mwinuko, inadai ampia nyingi ghafla. Betri dhaifu au kiungo kibovu kinashindwa, volti zinaporomoka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na risiva inakosa volti 5 zake. Inazimika. Ikizimika mota inasimama, mzigo unaondoka, volti zinarudi juu, risiva inawaka na kutafuta rimoti yake. Kwa anayetazama, "mtandao umekata". Kumbe redio imekatiwa chakula.

Ukipima betri kichwa kikiwa kimelala, mita itakuambia volti 16 na utaridhika bure. Betri ni kama mpagazi: akiwa amekaa kivulini huwezi kujua nguvu zake, mtwishe gunia. Gunia letu ni ile balbu ya breki. Chukua pakiti ya seli 4 iliyojaa, yaani volti 16.8 hivi, iunganishe na balbu huku mita ikisoma. Itavuta karibu ampia 2. Fanya kwa sekunde 10 tu, maana volti 16 ni nyingi kwa balbu ya 12, na usishike kioo. Pakiti isiyo na ubovu itapungua kwa chini ya volti moja kisha itulie. Ikiporomoka volti 3, au ikizidi kuteremka macho yakiwa palepale, umempata mwizi.

Mwaka jana nilinunua seli 8 za lithiamu za ukubwa uitwao 18650, zenye kava la zambarau, zimeandikwa mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha umeme ambao seli inaweza kubeba). Bei nzuri, maneno matamu. Kichwa kilizunguka mara 3 kikaanza kuzimia. Nikazipeleka kwa sonara mmoja, nikamsalimu, nikaomba mizani yake. Akacheka, akaweka seli moja pale anapopimia pete: gramu 31. Akaweka na nyingine niliyoitoa kwenye betri ya zamani ya kompyuta mpakato: gramu 45. "Hii ya kwako," akasema, "imefunga njaa." Seli nzuri ya ukubwa ule hukaribia gramu 45 hadi 50, na uwezo wake huishia mAh 3,500 hivi. Anayekuandikia 9,900 anakuuzia kopo. Tangu siku ile napendelea seli za kompyuta za zamani zilizopimwa moja moja, ambazo mafundi wa kompyuta huziuza kwa bei ya soda chache, kuliko mpya nisizozijua.

Pakiti ikishinda mtihani wa balbu, mwizi yuko njiani. Sasa badala ya kupima volti kutoka hasi, weka ncha mbili za mita kwenye kifaa kimoja, mfano miguu miwili ya swichi, kisha mwenzio abane magurudumu kidogo kwa kitambaa huku mota inazunguka. Asiyakomeshe kabisa, gia za plastiki hazina urafiki. Swichi isiyo na ubovu itasoma karibu sifuri. Ikisoma nusu volti, inakula umeme badala ya kuupitisha. Rudia kwenye fyuzi, kwenye soketi, kwenye kila kiungo. Viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu ya umeme ndivyo vinavyoongoza kwa makosa: joto la Oktoba linayeyusha gundi ya tepu, mtikisiko unalegeza waya, vumbi linajipenyeza. Lehemu, kisha uvike mpira wa kusinyaa kwa joto.

Kikisimama palepale kila mara, yaani kwenye njia panda ya reli au kwenye kitanzi, acha betri. Jibu lako liko sehemu inayofuata.

Mezani kinakwenda vizuri, relini kinatoa moshi

Niliitwa Miyuji, hapahapa Dodoma, na kijana mmoja aliyehamishia betri kichwa cha baba yake mdogo. Mezani, magurudumu juu, kila kitu safi. Akakipeleka relini kwa fahari, baba mdogo akawasha transfoma ya zamani inayolisha reli umeme ili mataa ya stesheni yawake. Kidhibiti mwendo kikafuka moshi kabla ya kona ya kwanza.

Kosa halikuwa la baba mdogo. Kichwa cha umeme wa reli kina mikono ya shaba inayogusa magurudumu kwa ndani, na vingine vina viatu vinavyoburuzwa juu ya reli. Hivyo vyote huleta moto kwenye mota. Ukiunganisha kidhibiti mwendo kwenye waya za mota bila kukata mikono hiyo, umeme wa reli unaingia kwa mlango wa nyuma na kukutana uso kwa uso na wa betri. Kidhibiti hakina ubavu wa hilo.

Ubaya ni kwamba vichwa vingi havina waya zinazoonekana kati ya gurudumu na mota. Ndani ya boksi la gia kuna vibamba vyembamba vya shaba vinavyogusa mota moja kwa moja. Unakata waya zote unazoziona juu, unaamini umemaliza, kumbe vibamba viko chini vinaendelea na kazi yao.

Na usidhani uko salama kwa kuwa reli zako hazina umeme. Vibamba vikibaki, kidhibiti mwendo kinapeleka moto wa betri kwenye magurudumu, na magurudumu yanaupeleka kwenye reli. Bustani nzima inakuwa sehemu ya waya zako. Kichwa kikipita kwenye njia panda ambapo reli ya kulia inakutana na ya kushoto, au kikiingia kitanzi kinachorudi chenyewe, inatokea shoti. Kidhibiti kinajikata, kichwa kinasimama palepale kila siku, na watu wanasema hapo mahali pana wimbi baya la redio. Nimesikia hata habari za jini.

Kupima ni dakika mbili. Zima kila kitu, chomoa betri, weka mita kwenye mlio. Ncha moja iguse waya wa mota, nyingine iguse gurudumu la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Kisha waya wa pili wa mota, magurudumu yote tena, na viatu kama vipo. Haitakiwi kusikika hata mlio mmoja. Ukisikia, fungua boksi la gia, toa vibamba au vihami, kisha pima tena kabla ya kurudisha skrubu. Yule kijana tulimtolea vibamba viwili vyenye urefu wa kidole. Alivitazama kwenye kiganja muda mrefu.

Baada ya kuvitoa, taa za mbele huenda zikafa. Si ubovu, zilikuwa zinakula kutoka magurudumuni. Zihamishie kwenye kidhibiti mwendo au betri, na kama ni LED ziwekee rezista ya kilo-omu 1.5. Kile kifaa cha kutoa moshi wa bandia king'oe tu. Kinakula betri kuliko mota, na moshi tulionao unatosha.

Kinaumwa polepole: kinaruka, kinanguruma, mota inachoma mkono

Jirani yangu ni dereva mstaafu wa treni. Siku moja alisimama nyuma yangu nikihangaika na mpangilio wa rimoti.

"Mwanangu, hicho kichwa kinalia."

"Shikamoo mzee. Kinalia nini?"

"Marahaba. Sikiliza gurudumu la nyuma. Tik. Tik. Tik. Kila mzunguko mmoja, mara moja."

Alikuwa sahihi bila kugusa kitu. Gia ya plastiki kwenye ekseli ilikuwa imepasuka mstari mwembamba kama unywele; kila jino lililopanuka lilipofika kwenye mwenzake, kichwa kiliruka. Mlio mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu ni gia ya ekseli. Mlio wa haraka zaidi tafuta juu, karibu na mota.

Kama hakuna tik bali mngurumo na uzito, ni vumbi. Grisi iliyokaa wazi hapa kwetu misimu miwili inageuka kuwa dawa ya kusugulia sufuria. Weka mita ya ampia katikati ya njia ya betri: kichwa changu kidogo cha ekseli mbili, kikiwa peke yake kwenye reli tambarare, kinavuta ampia 0.4. Kilipojaa vumbi kilifika 1.1, na hiyo yote ilikuwa joto. Fungua boksi la gia, futa kila kitu mpaka plastiki ing'ae, weka grisi kiasi cha punje ya mchele. Kupaka nyingi ni kulialika vumbi. Andika ampia za kichwa kikiwa kizima kwenye karatasi, uibandike chini ya paa lake, mwakani utajishukuru.

Kinarudi nyuma unapotaka mbele

Badilisha waya mbili za mota. Basi.

Betri haidumu, au chaja inaishia njiani

Pima kila seli peke yake baada ya kuchaji. Zikitofautiana zaidi ya volti 0.1, moja inazivuta wenzake chini: kibao cha ulinzi kinakata umeme wote seli moja ikichoka, hata kama tatu zimeshiba. Ibadilishe, tena kwa seli ya umri na uwezo unaofanana.

Chaja ya pakiti ya seli 4 ni ya lithiamu, ya volti 16.8, si nyingine. Chaja ya betri ya pikipiki inaishia chini na haijui muda wa kuacha. Ya kompyuta mpakato yenye volti 19 ni ya kuunguzia nyumba. Nimeona mtu akiitumia kwa sababu "pini inaingia". Chaji juu ya sakafu ya saruji, ukiwapo, kichwa kikiwa kimepoa. Hili la kupoa si mapambo: bodi nyeusi iliyoachwa relini saa saba mchana mwezi wa Novemba huwezi kuishika kwa mkono, na lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi joto 45. Seli ikipata joto bila kazi au ikitoa harufu tamu tamu, itoe nje uiweke juu ya mchanga, mbali na kuta. Fyuzi ya ampia 3 ikae karibu kabisa na chanya ya betri, isikae baada ya swichi, maana shoti haichagui pa kutokea.

Sasa redio: kinapotea mita 4 tu

Umepima umeme, umepima vibamba, gia safi, na bado kikifika mita 4 hakikusikii. Hapa ndipo nakubali kuitazama redio.

Kwanza betri za rimoti. Pili, antena iko wapi? Risiva za gigahezi 2.4 zina kipande cha mwisho cha waya, milimita 31 hivi kisichovikwa wavu, na hicho ndicho kinachosikia. Kikiwa ndani ya bodi ya chuma, au kimelala juu ya kipande cha risasi cha kuongeza uzito, ni sawa na kumwita mtu aliyejifungia kwenye pipa. Kisimamishe ndani ya chumba cha dereva chenye kuta za plastiki, mbali na waya za mota. Usikikate kwa kuwa kinakusumbua.

Tatu, kelele za mota. Chomoa mota, wacha taa pekee, tembea na kichwa mkononi huku mwenzio anabonyeza rimoti. Umbali ukiongezeka sana, brashi za mota ndizo zinazopiga kelele. Lehemu kapasita ndogo zilizoandikwa 104: moja kati ya miguu miwili ya mota, nyingine mbili kutoka kila mguu kwenda kwenye mwili wa chuma wa mota. Redio za megahezi 27 zilizong'olewa kwenye vigari vya watoto huteseka zaidi kwa kelele hizi, na sishauri kuzitumia hata kama ni bure.

Na Wi-Fi ya jirani? Inatumia masafa hayohayo ya 2.4, hiyo ni kweli, lakini redio za sasa hurukaruka kati ya chaneli na zinavumiliana. Kwangu ruta iko mita 3 kutoka stesheni na sijawahi kuikamata na kosa.

Kimepoteza rimoti lakini hakisimami

Kila risiva nzuri ina mpangilio wa nini kifanyike mawimbi yakikatika. Baadhi hutoka dukani zikiwa zimepangiwa kushikilia amri ya mwisho, na amri ya mwisho mara nyingi ni "kimbia". Changu kiliendelea kuzunguka betri za rimoti zilipokwisha, nikakifukuza mizunguko miwili kwa kandambili moja, kikaparamia jogoo kwenye daraja na kutua kwenye ndoo ya maji.

Panga mwendo uwe sifuri, kisha ujaribu kwa vitendo: kichwa kikiwa relini bila mabehewa, mwendo wa nusu, zima rimoti. Ikipita sekunde moja au mbili kiwe kimesimama. Kikisimama mara 3 mfululizo, funga mabehewa.